Antena ya GPS na ya redio ya setilaiti: ibandikwe wapi kwenye gari?

Redio mpya ya Android imefungwa, skrini inang'aa, ramani imefunguka, lakini mshale wa gari hautulii. Mara unaonyesha uko barabara ya pili, mara umeganda kituo ulichopita dakika kumi nyuma, mara hautokei kabisa. Fundi anashauri ununue redio nyingine. Kabla hujatoa hela, chomoa redio uangalie antena ya GPS imelala wapi. Mara nyingi utaikuta imetupwa nyuma ya redio juu ya fremu ya chuma, imebandikwa kichwa chini, au imefungwa kwenye tundu ambalo si lake.

Mwongozo huu unafuata gari la kawaida la mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: Toyota, Nissan au Mazda iliyotoka Japani, inayowekewa redio ya Android. Sehemu ya redio ya setilaiti iko mbele zaidi, kwa ajili ya walioko Marekani na Kanada ambako SiriusXM, huduma ya redio hiyo, inapatikana.

## Vitu vya kuandaa

- Antena ya GPS yenye kikuza mawimbi ndani yake, ya volti 3 hadi 5. Kebo ya mita 3 inatosha kwa dashibodi. Usichukue ya mita 5 kwa tahadhari tu: kebo hizi nyembamba hula takriban dB 1 (desibeli, kipimo cha nguvu) ya mawimbi kwa kila mita.
- Kipande cha bati la chuma, sm 7 kwa sm 7, unene kama mm 1. Piga tupa kingo zake na uzizungushie tepu, maana bati kali hukata nyaya za gari polepole bila wewe kujua.
- Tepu ya povu ya pande mbili inayovumilia joto, kama 3M VHB. Gari lililoegeshwa juani mchana huchemka dashibodi, na tepu ya bei rahisi huachia ndani ya wiki chache.
- Spiriti na kitambaa safi kisichoacha nyuzi.
- Kebotai ndogo kumi na tepu ya kitambaa.
- Vibanio vya plastiki vya kubandulia dashibodi, bisibisi ya nyota, na soketi namba 10.
- Multimita.
- Programu ya GPSTest kwenye redio yenyewe. Hii ndiyo itakayokuambia ukweli, ramani haitakuambia.

Angalia pia kichwa cha kebo kabla ya kulipa. Redio nyingi za Android hutumia kichwa cha kufunga kwa nati, kinachoitwa SMA. Redio za kiwandani za magari ya Ulaya na Marekani hutumia Fakra, na ya GPS ni ya rangi ya bluu. Redio za Kijapani zina vichwa vyao vya mraba. Visipolingana, nunua adapta. Usikate kebo na kuunga kwa kusokota: ni kebo yenye waya wa kati uliozungukwa na wavu, na kiungo cha kusokotwa hupoteza mawimbi hata kama umeme unapita.

## Antena inataka nini

Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Mawimbi yake, ya megahezi 1575.42, yanafika chini yakiwa hafifu kuliko kelele ya umeme inayozunguka dashibodi. Kwa hiyo antena inadai mambo matatu, na ukilikosa moja mengine mawili hayakusaidii sana.

La kwanza ni kuona anga. Plastiki na kioo cha kawaida havizuii. Chuma kinazuia, hata kiwe chembamba kama karatasi ya kufungia chakula. Hapa kwetu karibu na ikweta setilaiti hupita kila upande, kaskazini na kusini, na nyingine juu ya utosi kabisa, kwa hiyo huhitaji kuielekeza antena upande wowote. Itazame juu tu. Redio inahitaji setilaiti nne ili ijue gari liko wapi. Zikiwa nane au zaidi mshale unatulia.

La pili ni kuwa na chuma chini yake. Ndani ya kile kisanduku kuna kigae cha seramiki, kwa kawaida mm 25 kwa 25, kilichoundwa kifanye kazi kikiwa juu ya bati. Bati hilo huongeza nguvu upande wa juu na kuzuia mawimbi yaliyodunda kutoka chini. Kwenye paa la gari bati lipo tayari. Kwenye dashibodi ya plastiki halipo, na hicho kipande cha sm 7 ndicho watu wengi wanachoruka.

La tatu ni utulivu wa umeme. Dashkamu, chaja za USB za bei rahisi na vibadilisha umeme vya taa za LED hutoa kelele inayomeza mawimbi ya GPS kabisa.

## Sehemu za gari, kuanzia inayofaa zaidi

Juu ya dashibodi, kwenye mzizi wa kioo cha mbele. Kwa watu wengi hapa ndipo mahali. Antena inaona anga yote ya mbele na sehemu kubwa ya pembeni, kebo ni fupi, haipati mvua, na hakuna wa kuing'oa. Weka karibu na katikati au upande wa dereva, sogeza mbele kadiri inavyowezekana ili paa lisikate anga.

Chini ya plastiki ya dashibodi, palepale. Inafaa karibu sawasawa na ya juu, na haionekani. Sharti lake: juu ya antena pasiwe na kitu isipokuwa plastiki. Kwenye magari mengi njia ya kufika hapo ni kufungua plastiki inayozunguka mita za spidi, au kibati cha spika ndogo kwenye kona. Ukitumia kona ya spika, iweke antena pembeni mwa spika, usiifunike na sumaku yake.

Kibao cha nyuma ya viti, kwenye sedan. Kioo cha nyuma kinaona anga vizuri, ingawa nyaya za kuondoa ukungu zinapunguza kidogo. Kebo inabidi iwe ya mita 5. Chagua hapa pale tu kioo cha mbele kinapokataa.

Paa, kwa nje. Kwa mawimbi peke yake hakuna panapoishinda. Tatizo ni la maisha: maji ya kuoshea gari, mkono wa mwizi, na kutu. Kwenye miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, maji ya chumvi huingia chini ya sumaku na kula rangi. Ukilazimika kuiweka nje, inyanyue kila mwezi, futa chini yake, kisha irudishe. Tena si kila bati la gari linashika sumaku. Baadhi ya boneti ni za alumini, ambazo sumaku haizishiki.

Pasipofaa. Nyuma ya redio, ndani ya droo ya abiria, chini ya kiti, ndani ya dari, kwenye bampa. Na juu ya mfuniko wa eabagi ya abiria, usibandike kitu chochote kamwe. Kwenye gari la usukani wa kulia mfuniko huo uko kushoto, na mara nyingi umeandikwa SRS. Eabagi ikifumuka, kisanduku hicho chenye sumaku kitarushwa kuelekea uso wa aliyekaa hapo.

### Vioo na tinti

Vioo vya mbele vya baadhi ya magari vina tabaka jembamba la madini (metali) la kurudisha joto, na tinti nyingine huwa na madini pia. Chini ya kioo cha namna hiyo antena inaweza isione hata setilaiti moja. Huwezi kujua kwa kukitazama. Hatua ya 4 itakuonyesha. Baadhi ya vioo hivyo vimeachiwa dirisha dogo lisilo na madini karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na hapo antena inaweza kufanya kazi.

### Vitu vya Kijapani vinavyowadanganya mafundi

Gari lililotoka Japani mara nyingi lina kisanduku cheusi kwenye dashibodi au nyuma ya kioo cha kutazamia, chenye kebo inayoingia ndani. Mafundi wengi hukiona, wakasema "antena ya GPS ipo tayari", wakaunga. Mara nyingi hiyo ni antena ya ETC, mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani, inayotumia gigahezi 5.8. Haiwezi kupokea GPS hata ikibandikwa mwezini. Kadhalika zile karatasi nyembamba zenye mistari zilizogandishwa kwenye kioo cha mbele: nyingi ni za televisheni ya Kijapani.

Antena halisi ya GPS ya kiwandani mara nyingi iko chini ya plastiki ya dashibodi, kebo yake ikienda hadi nyuma ya redio ya zamani. Ukiipata nzima unaweza kuitumia kwa adapta, na imeshawekwa mahali pazuri. Ipime kama antena nyingine yoyote kabla ya kuiamini.

## Hatua ya 1: Chomoa betri, kisha toa redio

Zima gari, toa ufunguo, fungua nati ya hasi ya betri kwa soketi namba 10, kisha subiri angalau sekunde 90. Huo ni muda ambao Toyota inaelekeza, ili umeme uliohifadhiwa kwa ajili ya eabagi uishe. Ukikutana na soketi ya njano popote, ni ya eabagi, usiichomoe.

Banua plastiki ya kuzunguka redio kwa kibanio cha plastiki, anza chini. Bisibisi ya chuma itaacha alama zisizofutika. Toa skrubu za redio, ivute mbele, ilaze juu ya kitambaa bila kuchomoa soketi zake.

*Umefaulu ukiwa* na redio mkononi, nyaya zake zote zimeungwa, na unaona nyuma yake vizuri.

## Hatua ya 2: Hakikisha tundu ni la GPS

Redio ya Android inaweza kuwa na matundu matatu yanayofanana kabisa: la GPS, la Wi-Fi na la 4G. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye mgongo wa redio. Antena ya GPS iliyofungwa kwenye tundu la 4G haitapokea chochote, na kosa hili ni la kawaida mno kwa sababu nati inaingia bila shida yoyote.

Angalia pia sindano ya katikati. Kichwa cha antena kiwe na sindano, tundu la redio liwe na kishimo. Kuna aina ya SMA ambayo sindano imehamishwa upande wa pili. Inafunga vizuri kwa nje huku ndani hakuna kinachogusana.

Sasa rudisha hasi ya betri, washa redio na upime. Ncha moja ya multimita katikati ya tundu, nyingine kwenye nyuzi za nje. Kuwa mwangalifu ncha zisigusane. Lazima upate volti kati ya 3 na 5, maana kikuza mawimbi cha antena hulishwa umeme kupitia kebo hiyohiyo.

*Ukipata sifuri*, tafuta kwanza kwenye mipangilio ya redio kama GPS imezimwa. Ikiwa imewashwa na bado ni sifuri, tatizo ni la redio, na kubadilisha antena ni kupoteza pesa.

## Hatua ya 3: Pima kipimo cha juu kabisa

Egesha mahali pa wazi, mbali na ghorofa, miti mikubwa na mabati ya maegesho. Unga antena, kaza nati kwa vidole (koleo huvunja tundu), kisha toa antena nje kupitia mlango ulio wazi na uiweke katikati ya paa, sumaku ikitazama chini. Usifunge mlango juu ya kebo.

Fungua GPSTest. Redio iliyotoka dukani haijui iko nchi gani wala setilaiti ziko wapi, kwa hiyo mara ya kwanza inaweza kuchukua robo saa. Setilaiti hutuma data kwa kasi ndogo sana, biti 50 kwa sekunde, na ratiba nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Usisogeze gari, usizime redio. Hapa ndipo wengi hukata tamaa dakika ya tatu na kuilaumu antena.

Huhitaji bando kwa kazi hii. Ramani ndiyo inayotaka intaneti. GPS yenyewe haitaki. Ramani tupu yenye mshale sahihi ni tatizo la bando, na ramani kamili yenye mshale uliopotea ni tatizo la antena.

Kila setilaiti ina namba ya nguvu kwa dB-Hz. Zenye 40 na zaidi zina nguvu, 30 hadi 40 zinatosha, chini ya 25 hazifai kitu. Andika kwenye karatasi namba za setilaiti tano zenye nguvu zaidi.

*Umefaulu ukipata* setilaiti nane au zaidi zinazotumika, na angalau nne zikiwa juu ya 38. Ukiwa kwenye paa, chini ya anga wazi, na bado hupati kitu baada ya dakika 20, antena au kebo imekufa. Usiendelee kufunga dashibodi juu ya antena mfu.

## Hatua ya 4: Jaribu mahali ulipopachagua, bila kubandika

Weka bati la sm 7 kwenye mzizi wa kioo cha mbele, antena juu yake. Funga milango yote na usubiri dakika tatu. Linganisha setilaiti zilezile tano na karatasi yako.

Zikishuka kwa dB 3 hadi 5, mahali hapo ni pazuri. Zikishuka kwa 10 au zaidi, kuna kitu kinazuia: kioo chenye madini, tinti, au fremu ya chuma. Sogeza sm 15 kila upande na upime tena. Setilaiti hutembea, kwa hiyo maliza vipimo ndani ya dakika 15. Ukikawia utakuwa unalinganisha anga mbili tofauti.

Sasa jaribu kelele. Washa dashkamu, kisha chaja ya USB, kisha taa, kimoja kimoja, huku ukitazama namba. Namba zikianguka zote kwa pamoja mara tu kifaa kinapowashwa, umempata mchawi. Weka antena umbali wa sm 20 au zaidi kutoka kwenye kifaa hicho na kebo yake. Ikishindikana, badilisha hiyo chaja.

Hatua hii inachukua nusu saa na ndiyo inayotenganisha kazi inayodumu na ile ya kurudiwa mwezi ujao. Mafundi huiruka kwa sababu wateja wamesimama juu yao. Mwache fundi apime.

## Hatua ya 5: Pitisha kebo

Chomoa hasi ya betri tena, subiri sekunde 90. Toka kwenye antena kuelekea redio, usianzie kwa redio, ili kisanduku kinene cha antena kisikwame kwenye tundu dogo.

Ukiwa umeiweka katikati ya dashibodi, kebo inashuka moja kwa moja nyuma ya plastiki hadi kwenye nafasi ya redio. Ukipitia pembeni, utakutana na nguzo ya kioo cha mbele. Magari yenye eabagi za pazia huwa nayo humo ndani. Kebo ipite nyuma ya eabagi, ifungwe pamoja na nyaya za kiwandani. Ikipita mbele yake itazuia eabagi kufumuka au itarushwa nayo.

Kebo isipige kona kali. Mkunjo uwe na upana wa kidole gumba au zaidi, maana kebo ikivunjika pembe, wavu wake hubanwa na mawimbi hupotea hapo. Iepushe na mhimili wa usukani, pedali, na vitasa vya hita vinavyosogea. Vuta usukani hadi mwisho kila upande uone kama kuna kinachokwaruza.

## Hatua ya 6: Bandika

Futa mahali pa kubandika kwa spiriti na uache pakauke. Dashibodi iliyopakwa mafuta ya kung'arisha itakataa gundi yoyote, kwa hiyo futa mara mbili au tatu, hadi kitambaa kitoke safi.

Bandika bati kwanza kwa tepu ya povu, likandamize sekunde 30. Antena iende katikati ya bati. Sumaku itaishika, lakini ongeza tepu ili barabara ya vumbi na matuta isiitembeze. Upande wenye sumaku uwe chini, ule wa plastiki laini uwe juu. Antena iliyogeuzwa kichwa chini inaweza kudaka setilaiti moja mbili na kukufanya uamini kwamba mahali ndipo pabaya.

Mwinamo kidogo hauna shida. Zaidi ya nyuzi 20 hivi, anza kuweka kitu chini yake.

## Hatua ya 7: Kebo iliyobaki

Usiikate, wala usiizungushe duara dogo la kubana nyuma ya redio, mahali penye joto na kelele kuliko pote. Ikunje kwa umbo la namba 8 legevu, izungushie tepu ya kitambaa isigonge plastiki, kisha ifunge kwa kebotai kwenye mshipi wa nyaya ulioko nyuma ya droo. Kebotai ishike tu. Ukikaza sana inabana kebo na kuiharibu.

## Hatua ya 8: Rudisha kila kitu na upime barabarani

Kabla ya kupachika plastiki za mwisho, unga betri na upime tena kwa GPSTest. Namba zilingane na za hatua ya 4, tofauti ya dB 2 au 3 isikutishe. Taa ya eabagi kwenye dashibodi iwake kidogo na kuzima. Ikibaki inawaka, kuna soketi uliyoigusa. Saa ya gari na vioo vya kujipandisha vinaweza kuhitaji kupangwa upya.

Endesha dakika 20 kwenye barabara yenye mchanganyiko: sehemu ya wazi, chini ya miti, kati ya maghorofa. Mshale ubaki kwenye barabara yako kwenye sehemu za wazi, na ukipotea chini ya daraja urudi ndani ya sekunde chache. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo au Nairobi mjini, kuruka mita 20 au 30 ni kawaida, kwa sababu mawimbi yanadunda kwenye kuta. Antena ya bei yoyote itafanya hivyo.

## Redio ya setilaiti: Marekani na Kanada

Antena hii inafanana na ya GPS kwa umbo, lakini haziwezi kubadilishana. SiriusXM inarusha kwenye megahezi 2320 hadi 2345, na mawimbi yake huzunguka kuelekea kushoto huku ya GPS yakizunguka kuelekea kulia. Kichwa chake cha Fakra pia kina rangi tofauti, ya bizari.

Tofauti kubwa iko angani. Ukiwa Marekani au Kanada, setilaiti za redio hii ziko upande wa kusini, na kadiri unavyoishi kaskazini ndivyo zinavyoonekana chini zaidi. Ukiwa Minnesota, zile zilizoko juu ya ikweta huwa hazifiki hata nusu ya kimo cha anga. Antena ikiwa kwenye boneti, kila ukiendesha kuelekea kaskazini, sehemu ya abiria ya gari inasimama katikati yake na setilaiti. Ikiwa kwenye mfuniko wa buti, hali hiyo inakupata ukielekea kusini. Ndiyo sababu paa linashinda hapa, tofauti na GPS ambayo inaridhika na dashibodi.

Iweke kwenye mstari wa katikati wa paa, upande wa nyuma, kwenye bati tambarare lisilopungua sm 30 kwa 30, na angalau sm 8 kutoka kwenye reli za mizigo au antena nyingine. Gari la paa la turubai halina budi kutumia mfuniko wa buti.

Kebo, kwa kawaida ya mita 6 hadi 7, ipite chini ya mpira wa kioo cha nyuma, ishuke pembeni, iingie butini chini ya mpira wa mfuniko. Kabla haijaingia, iachie ishuke kidogo kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee kwenye hilo tumbo na yasifuate kebo ndani. Kutoka butini ipite chini ya plastiki za vizingiti vya milango hadi mbele, mbali na bawaba za viti vinavyokunjwa na mashine ya mkanda wa usalama.

Kipimo cha mafanikio kina mtego. Miji mikubwa ina mitambo ya ardhini inayorudia mawimbi, kwa hiyo antena iliyowekwa vibaya inaweza kuimba vizuri kabisa mjini na kunyamaza mara unapotoka. Fungua ukurasa wa nguvu za mawimbi kwenye redio, usome mstari wa setilaiti peke yake, kisha endesha kwenye barabara kuu nje ya mji, kuelekea kaskazini na kusini. Ujumbe wa "Check Antenna" humaanisha kichwa hakijakaa au kebo imebanwa, mara nyingi na mlango. Theluji nzito yenye maji juu ya paa nayo hupunguza mawimbi, ifute.

Anayenunua gari la Marekani kwa ajili ya Kongo, Burundi au Rwanda ajue kwamba lile pezi la papa kwenye paa linaweza kuwa na antena ya redio hiyo ndani yake. SiriusXM haifiki huku, hivyo sehemu hiyo haitaimba. Pezi likiwa na GPS pia, tafuta kebo yenye Fakra ya bluu uiunge kwenye redio yako: tayari una antena iliyokaa juu ya paa.

## Ikigoma baada ya kila kitu

Ilikuwa nzuri, imeharibika ghafla. Kumbuka kilichoongezwa karibuni. Dashkamu na tinti ndivyo vya kwanza kushukiwa.

Inafanya kazi asubuhi, mchana inapotea. Mara nyingi tepu imelegea kwa joto na antena imeteleza ikageuka. Kama bado imekaa sawa, kikuza mawimbi kinachoka kwa joto. Ihamishie chini ya plastiki, kwenye kivuli.

Setilaiti nyingi zinaonekana, hakuna inayotumika. Mawimbi ni hafifu, chini ya 25. Kagua bati la chini, kichwa kilicholegea, na kebo iliyovunjika pembe.

Antena moja imegawanywa kwa redio na kifaa cha kufuatilia gari. Ondoa kiungo hicho. Vifaa viwili vinasukuma umeme kwenye kebo moja na kimoja kinaweza kuungua. Kila kifaa kipate antena yake, zikiachana sm 15 au zaidi.

Basi lenye kifaa cha VTS (cha kufuatilia gari) cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, au kidhibiti mwendo. Usiguse kifaa hicho wala antena yake, na usibandike yako juu yake. Mwite aliyekifunga, ahamishe yeye mwenyewe kama kinakuzuia.